Kumchukua mzazi mzee ughaibuni: kazi huanzia NIRA (ofisi ya vitambulisho ya Uganda), viza inafuata

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la Waganda walio nje jinsi ya kumchukua mama, na jibu la kwanza litakuwa jina la viza. Viza inakuja katikati ya safari. Kabla yake kuna mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwa kukisia siku watu walipojazana kuandikishwa kitambulisho cha taifa mwaka 2014, kuna cheti cha mtoto kinachomwita mama kwa jina ambalo halitumii tena, na kuna kibanja, yaani shamba lisilo na hatimiliki, ambacho ndugu wameshaanza kukipigia hesabu. Hayo ndiyo yanayoangusha maombi, na karibu yote hurekebishika mzee akiwa bado kwao Bombo, Arua au Kasese. Akishafika Toronto, kurekebisha ni mateso.

Mlango uko wapi

Kila nchi ina mlango wake, na unategemea karatasi za mtoto kuliko za mzazi.

Marekani, anayeweza kumwombea mzazi ukaazi ni raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21. Mwenye green card anaweza kumwombea mume, mke au mtoto, lakini mzazi hapana, hata awe amekaa huko miaka mingi. Raia akishaomba, mzazi hapangi foleni ya mgao wa viza wa kila mwaka, ila mtoto husaini ahadi ya kumtunza na kipato chake hupimwa kwa asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Angalia matangazo ya ubalozi kabla ya kulipa chochote, maana amri za Marekani siku hizi hubadilika kabla ya wino kukauka. Na usidhani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee huko, itampokea mama uwanja wa ndege: mzee ambaye hajawahi kufanya kazi Marekani hungoja miaka 5 ya ukaazi mfululizo, na hata hapo huilipia.

Uingereza wamebana kuliko wote. Tangu Julai 2012, mzazi hupata ukaazi ikiwa tu uzee, ugonjwa au ulemavu umemfikisha mahali hawezi kuoga, kuvaa au kujipikia bila msaada, na msaada huo haupatikani Uganda au familia haiumudu. Hapo kuna mtego. Ukiwa unatuma pesa za kumlipa msichana wa kumhudumia mama Kawempe, afisa atasema huduma ipo na unaimudu. Ukisema huna pesa, atauliza utamtunzaje London kwa miaka 5 bila kugusa misaada ya serikali. Ada ya ombi inapita pauni 3,000, na hairudi ukikataliwa. Mfanyakazi aliyekwenda kwa viza ya kazi hana njia kabisa ya kumwandikisha mzazi kama mtegemezi wake. Kinachobaki ni viza ya matembezi, miezi 6, na ndani ya hiyo huruhusiwi kubadilisha kwenda ukaazi.

Australia wana kipimo cha uwiano wa familia: angalau nusu ya watoto wa mzazi wawe wanaishi Australia, au walioko huko wawe wengi kuliko walioko nchi nyingine yoyote. Mama wa Uganda mwenye watoto 7, mmoja yuko Perth na 6 wako nyumbani, anaanguka hapo hapo. Anayepita huchagua kati ya foleni ya takriban miaka 30 na viza ya haraka kidogo inayozidi dola 40,000 za huko kwa mzazi mmoja. Viza namba 870, ya muda wa miaka 3 au 5, haina kipimo hicho cha uwiano, na kwa familia zetu kubwa ndiyo ya kuulizia.

Ujerumani wamelegeza kidogo: mtaalamu aliyepewa kwa mara ya kwanza kibali cha kazi za ujuzi kuanzia 1 Machi 2024 anaweza kumwombea mzazi. Wanaokwama hukwamia kwenye bima ya afya, kwa sababu mzee mgeni haingii kirahisi kwenye mifuko ya umma, na kampuni binafsi hutoza sana mtu wa miaka 70 au humkataa. Tafuta bima kwanza, ombi baadaye. Dubai wanataka mshahara wa dirham 20,000 kwa mwezi. Mlinzi au mhudumu wa hoteli asipoteze nauli kuuliza.

Wakimbizi waliopo kwenye makazi ya Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja wana hesabu tofauti. Mzazi mnayeishi naye na anayekutegemea awe ameandikwa kwenye karatasi ya familia mapema, kabla jina lenu halijaitwa kwa usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Ukiondoka bila yeye, kumfuatisha ni karibu muhali. Sheria ya Marekani humruhusu mkimbizi kufuatwa na mume au mke na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21, na mzazi hayumo. Usaili huo haulipiwi, kwa hiyo anayekuuzia nafasi ya mzee anakuibia.

Canada

Canada nitaizungumzia kwa kirefu, maana huko mtu wa kipato cha kawaida ana mlango usiofungwa mwaka mzima. Njia ni mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kumdhamini mzazi apate ukaazi wa kudumu. Hii imekuwa bahati nasibu. Fomu ya kuonyesha nia ilikuwa wazi kwa wiki tatu tu, 13 Oktoba hadi 3 Novemba 2020, na walioalikwa 2024 na 2025 bado walichotwa kutoka kapu hilohilo. Anayealikwa huonyesha kipato cha miaka 3 ya kodi na kusaini ahadi ya kumtunza mzazi kwa miaka 20, au 10 akiwa Quebec. Ahadi hiyo haifi kwa ugomvi, kwa talaka, wala kwa kufukuzwa kazi.

Ya pili ni Super Visa, nayo huombwa wakati wowote. Hudumu hadi miaka 10, mzazi akiingia na kutoka, na tangu Julai 2022 kila akiingia anaweza kukaa hadi miaka 5. Haimpi kazi wala bima ya afya ya mkoa. Huombwa akiwa nje ya Canada. Mtoto au mjukuu anayemwalika awe raia au mkaazi wa kudumu, mwenye kipato kisichopungua kiwango cha serikali kwa ukubwa wa familia. Hapo kwenye ukubwa ndipo watu hukosea: unajihesabu wewe, mwenzi wako, watoto, kila ndugu uliyemdhamini ambaye ahadi yake bado inaendelea, halafu unaongeza mzazi mwenyewe. Akija na baba, ongeza wawili. Mtu anasoma mstari wa familia ya watu 4 kumbe yuko kwenye mstari wa 6, ombi linarudi. Mume na mke wanaweza kuunganisha vipato, mradi mwenzi naye asaini barua ya mwaliko.

Barua hiyo iseme waziwazi kwamba utamgharamia mzee muda wote atakaokaa, na itaje majina na idadi ya watu wote nyumbani mwako. Ambatisha karatasi ya tathmini ya kodi na cheti chako cha kuzaliwa. Naam, chako wewe mtoto, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha nani ni mama yako.

Kwa maoni yangu, hata mwenye bahati ya kualikwa kwenye ukaazi wa kudumu aanze na Super Visa. Mkaazi wa kudumu hutakiwa awe ndani ya Canada siku 730 katika kila miaka 5, na mzee aliyezoea kwenda kuangalia mihogo yake ataona hesabu hiyo ni kifungo. Super Visa humwacha aende, aonje baridi, arudi, kisha aamue.

Majina, miaka na NIN

Chukua kitambulisho cha mzee ukitazame vizuri. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ina herufi na tarakimu 14. Mwanamke raia huanza na CF, mwanamume CM, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Mama aliyeandikwa 62, na kifungua mimba wake ana cheti cha 1973, kwenye karatasi amezaa akiwa na miaka 11. Afisa wa viza hajui habari ya makarani waliokuwa wakikisia. Anaona uongo, au anaona huyu si mama mzazi.

Tarehe ya 1 Januari haina shida yenyewe. Maafisa wameizoea kwa wazee wa Afrika. Shida ni miaka miwili tofauti kwenye karatasi mbili. Panga kila kitu mezani: kitambulisho, kadi ya ubatizo au cheti cha nikaa, kadi ya zamani ya kura, karatasi za hospitali, vyeti vya shule vya watoto wote. Andika jina na mwaka kama vilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Utakuta Hadija, Khadijah, na Adija aliyeandikwa na karani wa hospitali kwa jinsi alivyosikia. Utakuta jina la ukoo kwenye moja, jina la mume kwenye nyingine.

Ukishajua kinachopingana, amua kipi ni sahihi na urekebishe kwa mpangilio huu: NIRA kwanza, pasipoti inafuata, viza mwisho. Marekebisho NIRA yanahitaji fomu, ushahidi wa zamani kama kadi ya ubatizo, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na ada. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi haihitaji kubadilisha kitambulisho. Hati ya kiapo inayosema Hadija na Khadijah ni mtu mmoja, ikitaja kila karatasi kwa namba yake, hutosha kwa balozi nyingi. Mwaka wa kuzaliwa ni jambo zito, huo usiurekebishe kwa kiapo peke yake. Na usifanye marekebisho ombi likiwa limeshatumwa. Mzee anayebadilika umri katikati ya faili humtia afisa shaka hata kama mabadiliko ni ya haki.

Ikiwa cheti chako wewe hakina jina la mama, au hukuwahi kuwa nacho, andikisha sasa. Mama akiwa hai anakuja na kitambulisho chake NIRA na jambo linakwisha. Kipimo cha DNA kisubiri mpaka ubalozi wenyewe ukiombe. Huwa wanataka maabara iliyoidhinishwa nchini kwao na sampuli ichukuliwe mbele ya shahidi, kwa hiyo kile ulichojifanyia mwenyewe mjini hakiwasaidii kitu.

Pasipoti huombwa mtandaoni kwa passports.go.ug, ada shilingi 250,000, kisha mzee anafika mwenyewe kwa picha na vidole. Si lazima Kyambogo, kuna ofisi Mbarara, Mbale na Gulu, na mtu wa Moyo au Arua hana haja ya kulala Kampala. Kama pasipoti yake ya sasa imebakiza miaka 2, ibadilishe kabla ya viza. Canada haitoi viza inayopita uhai wa pasipoti, na utakuwa umelipia miaka 10 ukapewa miwili.

Vidole, na kifua

Mama aliyeshika jembe miaka 50 hana tena mistari kwenye vidole. Mashine inasoma kidole gumba, inakataa, inasoma tena, inakataa, na foleni nyuma inaguna. Wiki mbili kabla ya miadi, mikono isiguse jembe wala sabuni kali ya kufulia. Kila usiku ipakwe vaselini au glisirini kwa wingi na ifunikwe kwa soksi safi hadi asubuhi. Siku yenyewe mikono ioshwe, ikaushwe, isiwe na mafuta. Na wanawake wetu: hina na piko visifike kwenye ncha za vidole. Kama kulikuwa na harusi wiki iliyopita, ahirisha miadi. Kwa Canada, aliyepita miaka 79 hachukuliwi vidole kabisa.

Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeteuliwa na nchi husika tu, si hospitali yoyote unayoipenda. Aende na pasipoti, miwani, dawa zake zote ndani ya makopo yake, na karatasi za upasuaji wowote wa zamani. Watapima mkojo, damu, shinikizo, na picha ya kifua.

Picha ya kifua ndiyo inayochelewesha. Wazee wengi wana makovu ya kifua kikuu cha zamani, wengine hawakujua hata kama waliugua. Kovu likionekana, anatakiwa atoe makohozi asubuhi tatu, yaoteshwe maabara, na matokeo hungojewa kama wiki 8. Bakteria wa kifua kikuu huota polepole, hakuna wa kumharakisha. Kwa hiyo tiketi isinunuliwe kabla ya majibu. Mzee aliyewahi kutibiwa aje na kadi yake ya matibabu. Akificha na picha ikasema, sasa ana matatizo mawili.

Kingine kinachosahaulika ni homa ya manjano. Kadi ya njano anaihitaji akirudi Entebbe, na chanjo moja tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote. Lakini aliyepita miaka 60 akichanjwa kwa mara ya kwanza ana hatari kubwa zaidi ya madhara makali. Aonane na daktari kwanza, asichomwe sindano mlangoni mwa ofisi kwa kuharakishwa. Daktari akiona haifai, huandika msamaha wa kitabibu ndani ya kadi hiyohiyo na kuupiga muhuri.

Bima: soma kile kifungu cha herufi ndogo

Super Visa inataka bima ya angalau mwaka mmoja, isiyopungua dola 100,000 za Canada, ikifunika matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Inaweza kulipwa kwa awamu baada ya malipo ya kwanza, ila makadirio ya bei hayakubaliki kama bima. Hayo kila wakala atakwambia.

Asichokwambia kwa sauti ni jinsi ugonjwa uliokuwapo kabla unavyohesabiwa. Bima nyingi hufunika shinikizo la damu au kisukari kama tu kimekuwa tulivu kwa muda fulani kabla ya bima kuanza kazi, mara nyingi siku 90 au 180. Utulivu kwa lugha yao ni kwamba dawa haikubadilishwa, dozi haikuongezwa wala kupunguzwa, hakuna dalili mpya, hakuna kipimo cha maabara kinachosubiriwa. Sasa tazama kinachotokea: mtoto kwa nia njema anampeleka mama kwa daktari mwezi mmoja kabla ya safari "aangaliwe vizuri". Daktari anaongeza amlodipine, dawa ya shinikizo, kutoka miligramu 5 hadi 10. Mama anafika Edmonton, wiki ya tatu anapata kiharusi, hospitali inatoa bili, kampuni inaomba rekodi kutoka Uganda, inaona dawa ilibadilishwa siku 30 kabla. Hailipi.

Dawa ya hilo ni kalenda. Uchunguzi mkubwa na marekebisho ya dawa vifanyike miezi 8 kabla ya kuondoka, kisha dawa zisiguswe bila sababu ya kweli. Sababu ikiwapo, zibadilishwe bila kusita na safari isogezwe mbele. Kwenye fomu ya bima jaza kila kitu, hata ile sukari "iliyopanda kidogo tu". Kile ulichoacha ndicho watakachokitafuta siku ya madai. Uliza pia kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa: ada nafuu huja na kiasi kikubwa, na kwa mzee afadhali kinyume chake.

Dawa abebe za kutosha miezi 3, na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kampuni. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi, maana kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda na kuharibika. Dawa kali za maumivu kama tramadol zina sheria kali Emirati, kwa hiyo anayepitia au kuhamia Dubai aulize kwanza. Unga wa mululuza, ile dawa chungu ya majani, na mizizi isiyo na jina iachwe nyumbani.

Ardhi, kabla ya kufunga mizigo

Hapa ndugu hugombana, basi niseme moja kwa moja: usiuze kitu cha mzee ili kumsafirisha. Afisa wa viza ya muda hutafuta sababu ya mzee kurudi, na shamba lenye hatimiliki kwa jina lake ni sababu nzuri kuliko barua yoyote. Ukiliuza kabla ya kuomba, umeondoa ushahidi wako mwenyewe. Na asipoizoea ile nchi, atarudi wapi?

Badala yake fanya mambo matatu. Wakili aandae hati inayompa mtu mmoja mnayemwamini mamlaka ya kusaini kwa niaba ya mzee, kwa mambo yaliyotajwa tu: kukusanya kodi ya vyumba, kulipa busuulu (kodi ya kibanja kwa mwenye ardhi), kumwakilisha kwa LC. Isimpe mamlaka ya kuuza. Kama inahusu ardhi yenye hati, isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi ya eneo. Ifanyike akili ya mzee ikiwa safi, kwa sababu akianza kusahau majina ya watoto, sahihi yake inaweza kupingwa mahakamani. Pili, kwenye hatimiliki zingatieni kuweka zuio ili lolote likijaribiwa mjulishwe. Tatu, kwa kibanja, risiti za busuulu zikae kwa mtu na nakala zipigwe picha. Kibanja ambacho mwenye nacho haonekani na halipi ni chakula cha wajanja. Wosia uandikwe pia, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu.

Anayepokea posho ya serikali ya shilingi 25,000 kwa wazee waliofikisha miaka 80 ajue kwamba pesa hizo huchukuliwa kwa kufika na kitambulisho. Mstaafu wa serikali naye hutakiwa kuthibitisha kuwa yuko hai, basi aulize utaratibu wa walio nje kabla hajaondoka.

Kumwuliza mwenyewe

Wazee wetu hawasemi hapana usoni kwa mtoto anayewalisha. "Mkiamua nitakuja tu" si ndiyo. Amwulize mtu asiye na maslahi, dada yake au shehe wake, wakiwa wawili, bila simu ya video. Na aambiwe ukweli wa siku ilivyo kule: mnatoka saa moja asubuhi, mnarudi saa kumi na mbili jioni, majirani hawabishi hodi. Kama mnamtaka akalee wajukuu, semeni hivyo, msilifunike kwa jina la kumpumzisha. Wengine watafurahi kulea. Mwenye magoti mabovu asiachiwe pacha wa mwaka mmoja.

Ndege na majira

Aende Mei au Juni. Anayetua Januari anakutana na barafu kabla hajajua kutembea juu yake, na nyonga ya miaka 75 ikivunjika huwa ni mwanzo wa kitanda.

Tiketi iwe moja kwa safari nzima, kituo kimoja tu cha kubadili ndege, na nafasi ya saa 3 au zaidi hapo. Akipitia London, Mganda anahitaji viza ya kupita isipokuwa ana kitu kinachomsamehe, na viza halali ya Canada ni mojawapo. Omba kiti cha magurudumu saa 48 kabla, hata kama anatembea vizuri. Hakilipiwi, na faida yake kubwa ni yule mtu anayekisukuma, kwa sababu anajua mlango uko wapi na anampitisha kwenye foleni ya uhamiaji. Kiti cha ndani kiwe cha pembeni mwa njia, aamke kila saa mbili kunyoosha miguu. Mfukoni mwake weka karatasi moja ngumu: jina, anwani anakokwenda, namba mbili za simu, dawa zake, na sentensi kwa Kiingereza kwamba anazungumza Kiswahili.

Nyama iliyokaushwa, mukene (dagaa) na nsenene (panzi) walizomfungia majirani zitaulizwa forodhani. Canada hutoza faini hadi dola 1,300 kwa chakula kisichotajwa. Kukitaja hakuna faini. Baya zaidi kitachukuliwa. Mweleze hivyo kabla, vinginevyo atanyamaza kwa heshima na faini itawafikia.

Afisa akigonga muhuri, tazama kama ameandika tarehe. Ikiwapo, hiyo ndiyo mwisho wa kukaa kwake, hata kama sheria ingemruhusu miaka 5.

Baada ya hapo andika kwenye simu yako siku bima inapokwisha, na uanze kutafuta nyingine miezi 2 kabla, maana bei ya mwaka wa pili hupanda na umri. Na mkae kikao, mzee akiwemo, juu ya maziko. Bima ina kifungu cha kurudisha mwili chenye ukomo wake wa pesa. Someni ni kiasi gani. Mwislamu anayetaka azikwe siku hiyohiyo aseme kama yuko radhi na makaburi ya huko. Anayetaka alale kwao Koboko kando ya baba yake aseme pia, iandikwe, isainiwe, na nakala moja ibaki kwa ndugu aliyeko nyumbani.